Hamira ya Rubisi na Damu ya Mdogo Wangu

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani Muleba na sanduku langu la shule. Ndani yake mlikuwa na shuka lililokaa na vidonge vya nafthalini muhula mzima, kwa kuogopa nondo na mende. Mama alikuwa amejifungua, nami kwa mapenzi nikamfunika mdogo wangu kwa shuka lile. Baada ya siku chache macho ya mtoto yaligeuka manjano, na mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa. Jirani mmoja alisema ati amerogwa. Hospitalini aliongezwa damu, akapona. Alipopimwa miezi mitatu baadaye, ilionekana ana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD.

Nilipomwuliza mwalimu wetu wa Biolojia hapa Bukoba, hakuanza na damu bali na hamira. Nami nitafuata njia hiyo hiyo.

1. Hamira ni nini?

Sisi Wahaya twaijua kazi yake tangu utotoni. Ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake yamechachuka, ndiyo rubisi. Hakuna aliyetia hamira ya dukani. Imo tayari katika mtama na vyombo. Hamira ni kiumbe hai chenye seli moja, hula sukari na kutoa kileo na hewa ya kabonidayoksaidi. Mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alionyesha kwamba hata maji yaliyokamuliwa katika hamira iliyosagwa, yasiyo na seli hai, huchachusha sukari. Basi kazi ni ya vimeng'enya.

2. Njia mbili za sukari

Sukari nyingi hupita njia kuu ya kutengeneza kileo. Kidogo hupita njia ya pembeni, na kimeng'enya cha kwanza katika njia hiyo ni G6PD. Faida yake ni NADPH, kitu kinachoisaidia seli kuondoa sumu kama haidrojeni peroksaidi.

Katika hamira, maagizo ya kuunda G6PD yamo katika jeni iitwayo ZWF1, kwenye kromosomu ya 14 kati ya 16. Jeni hii ikiharibiwa, hamira haifi, na sukari bado huchachuka. Lakini huonekana sifa mbili mpya: huhitaji kupewa methionini katika chakula chake, na hudhurika upesi ikitiwa haidrojeni peroksaidi kidogo ambayo hamira nzima huistahimili. Ukiitazama ndani ya sukari tu, huioni kasoro yake.

3. Damu ya mtu

Sisi pia tuna jeni ya G6PD, kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aipatayo kwa mama. Ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kumsaidia. Aina iliyoenea Afrika huitwa A-. Herufi mbili za jeni zimebadilika, na hivyo asidi amino mbili tu kati ya 515 ni tofauti.

Hamira ina vimeng'enya vingine vya kutengeneza NADPH. Chembe nyekundu ya damu haina msaada huo, wala haina kiini cha kuiwezesha kuunda kimeng'enya kipya. Sumu ya nafthalini ikiingia mwilini, chembe hupasuka. Ndiyo sababu ya manjano na mkojo mweusi. Hata hivyo jeni hii haikuenea bure. Wataalamu waona kwamba huwapa wenye nayo kinga fulani dhidi ya malaria, ugonjwa tuujuao sana Muleba.

4. Mambo ya kushika

(a) Nguo na mashuka ya mtoto mchanga yasiwekwe pamoja na nafthalini.

(b) Mwenye upungufu huu amwambie daktari kabla ya kupewa dawa, hasa primakwini au dapsoni.

(c) Mkojo ukiwa mweusi, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Habari za uchawi zisimcheleweshe.

Mdogo wangu sasa ni mzima, na hakuna aliyemroga. Shuka lilikuwa langu, nami sikujua. Vidonge vile nimevitoa sandukuni. Nanyi wenzangu wa bwenini, fungueni masanduku yenu kabla shule haijafungwa.