Kimbunga Freddy: Kwa Nini Nchi Isiyo na Bahari Iliumia Zaidi

Katika somo la robo hii tunakitazama kimbunga Freddy cha mwaka 2023. Tumekichagua kwa sababu nchi kilikoua watu wengi zaidi, Malawi, haina pwani.

Kimbunga cha baharini huishi kwa joto la maji. Bahari ikifikia nyuzi joto 26 au 27, mvuke mwingi hupanda, hugeuka mawingu na kuachia joto linalozidi kuivuta hewa juu. Hewa nyingine hukimbilia pale chini, na mzunguko wa dunia huifanya izunguke. Kikifika nchi kavu hukosa chakula hicho, na kwa kawaida hufa baada ya siku chache.

Freddy hakikufa hivyo. Kilipewa jina tarehe 6 Februari karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, upepo wake ukipita kilomita 200 kwa saa. Kiliipiga Madagaska tarehe 21, na Msumbiji siku tatu baadaye. Kisha kilirudi kwenye maji ya moto kati ya nchi hizo mbili, kikapata nguvu upya, na tarehe 11 Machi kikaingia Msumbiji mara ya pili karibu na Quelimane. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa kiliishi siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga chochote kilichowahi kupimwa.

Kilipofika kusini mwa Malawi upepo ulikuwa umepungua. Anayehesabu upepo tu angesema hatari imepita. Lakini mvua ya miezi sita ilinyesha kwa siku sita. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi, tope na mawe makubwa vilishuka kutoka mlima Soche hadi Chilobwe, mtaa wa jiji la Blantyre, ambako watu wamejenga mteremkoni kwa sababu ndiko wanakomudu bei ya kiwanja. Wengi walikuwa wamelala. Nchini Malawi waliokufa pamoja na wasioonekana tena wanazidi 1,000, na zaidi ya watu 600,000 walihama makazi yao. Mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa. Kipindupindu, kilichoanza mwaka 2022, kilikuwa bado hakijaisha, na sasa maji ya mafuriko yaliingia visimani na vyooni. Tanzania ilipeleka unga wa mahindi na helikopta za uokoaji.

Idara ya hali ya hewa ya Malawi ilikuwa imetoa tahadhari mapema. Tusiwalaumu haraka waliobaki nyumbani. Tangazo la redioni kuhusu mvua kubwa halimwambii mama mwenye watoto wanne alale wapi usiku huo, wala nani atalinda vyombo vyake. Kazi hiyo ni ya majirani, na hufanywa kabla ya masika. Milima ya Blantyre nayo imepoteza miti mingi kwa kuni na mkaa, na udongo usio na mizizi hauna cha kuushika.

Sisi tunaoishi milimani tunalijua jambo hili. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Desemba 2023, halikuletwa na kimbunga, lakini nalo liliua watu wengi.

Kwa vikundi, tunaomba mjadili haya: Ni nyumba zipi mtaani kwenu ziko chini ya mteremko au kando ya korongo? Wazee na wagonjwa wa nyumba hizo watabebwa na nani? Ufunguo wa shule au kanisa lililo mahali salama anao nani saa nane za usiku?