Dondoo Muhimu: Kompyuta Ndani ya Flashi
Msafiri atakaye kutumia kompyuta ya ugenini pasi na kuacha athari ya kazi yake, na achukue flashi isiyopungua gigabaiti 8, autie humo mfumo wa Tails, uliodhihiri mwaka 2009, ambao hutenda kazi katika kumbukumbu ya muda na, mashine izimwapo, husahau yote ila yale aliyoyaweka kwa hiari katika hifadhi yenye nywila. Achomeke flashi mashine ikiwa imezimwa, kisha aiwashe akibonyeza F12 au Esc (watengenezaji, kwa inda yao, hawakuafikiana juu ya kitufe) hata itokee orodha ya kuchagulia. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1 na zilizofuata haziukubali. Wala asighurike: kibodi iliyotegwa kifaa cha kunasa herufi itamfichua vilevile.