HESABU NYUMBANI: TUMCHAGULIE MTOTO KITABU GANI?

Leo tunamzungumzia mtoto wa miaka 11 au 12 ambaye hayuko darasani. Hapa Nzega watoto wa namna hiyo wapo. Mmoja amekaa nyumbani mwaka mzima kwa ugonjwa. Mwingine alihama na wazazi wake kufuata malisho, na waliporudi akakuta wenzake wamempita madarasa mawili. Kusoma anajua. Kinachomshinda ni hesabu. Sasa mzazi anauliza: je, kuna kitabu ambacho mtoto anaweza kujifundisha mwenyewe jioni, ng'ombe wakisharudi zizini?

Vitabu vipo. Lakini si kila kitabu chenye namba humfundisha mtu aliye peke yake. Vingi viliandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyesimama ubaoni. Mwalimu asipokuwapo, kitabu kinakuwa bubu.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kujifunza nyumbani ni daraja la kumrudisha mtoto shuleni, maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Kwa waliochelewa upo mpango wa MEMKWA, ulioanza mwaka 1999. Kundi la kwanza ni la watoto wasiozidi miaka 13. Hao husoma, hupimwa pamoja na Darasa la Nne, na wakifaulu hujiunga na Darasa la Tano. Kundi la pili ni la miaka 14 hadi 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 ana muda, ila si mwingi. Mwulizeni Afisa Elimu Kata mapema.

Haya, turudi kwenye kitabu. Usichague kwa kutazama umri wa mtoto. Mpe kwanza hesabu hizi tano, umwache peke yake:

(a) 305 – 78
(b) 24 × 15
(c) Mpunga debe 50 unajazwa kwenye magunia ya debe 6. Yatajaa magunia mangapi, na zitabaki debe ngapi?
(d) 1/2 + 1/4
(e) Asilimia 10 ya shilingi 45,000

Majibu ni 227, 360, magunia 8 na debe 2, 3/4, na shilingi 4,500. Mtoto aliyekwama kwenye (a) au (b) aanze na kitabu cha Darasa la Tatu, hata kama ana ndevu. Aliyevuka (c) akaanguka kwenye (d) shida yake ni sehemu, basi aanzie hapo hapo. Mzazi asione aibu kumrudisha nyuma. Aibu ni kumpa kitabu kikubwa akikariri asichokielewa.

Sasa fungua kitabu mahali penye kujumlisha sehemu. Hapo ndipo kitabu kibaya hujulikana. Kibaya kitasema tu: "Tafuta kigawe kidogo cha shirika," kisha kinamwaga hesabu ishirini. Kizuri kitachora muwa. Kitaonyesha kuwa huwezi kujumlisha nusu na theluthi mpaka vipande viwe na ukubwa mmoja. Kitaukata muwa vipande sita: nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla ni vipande vitano, yaani 5/6. Baada ya hapo kitakuja mfano wa pili wenye nafasi mtoto aimalizie mwenyewe, halafu mazoezi, kuanzia mepesi. Na nyuma kabisa kuna majibu. Kitabu kisicho na majibu usikinunue kwa kazi hii, hata kikiwa na picha za rangi.

Wenye simu ya intaneti wanaweza kusoma bure vitabu vya Hisabati kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vinafuata mtaala, na mtoto akirudi shuleni hatakuta mambo mageni. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kwenye televisheni mwaka 2014, ni kizuri kwa kumwondolea mtoto woga. Ila katuni hupita. Mkono usiposhika kalamu, hesabu hazikai.

Je, mashine inaweza kufundisha yenyewe? Tanga ilijaribiwa. Kwenye vijiji 170 watoto karibu 2,700 walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa nguvu ya jua, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwa miezi 15. Wengi hawakuwahi kwenda shule. Mwaka 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya kwanza. Watoto walijifunza kweli. Lakini zile zilikuwa hesabu za mwanzo. Anayesumbuliwa na sehemu na asilimia anahitaji zaidi ya hapo.

Mzazi atasema: "Mimi nina hesabu za kisomo tu, nitamsaidiaje?" Utamsaidia sana. Masomo kwa njia ya posta yalifundisha watu wazima walio mbali na mwalimu: somo fupi, zoezi, kisha linasahihishwa na mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni wewe. Yashike majibu mwenyewe. Kila jioni somo moja, nusu saa. Sahihisha, na penye kosa usimwambie jibu, mwambie, "Hebu nieleze ulivyofanya." Mara nyingi ataliona kosa akiwa katikati ya maneno. Akikosea zaidi ya nusu ya zoezi, kesho asiendelee mbele, arudie mfano.

Jaribuni hii pamoja leo. Zamani misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora ilipima nguo kwa mikono. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti moja. Mfanyabiashara ana doti 7. Amelipa shuka 3 kununua chakula njiani. Amebakiwa na mikono mingapi?

Jibu: Doti 7 ni shuka 14. Ukitoa 3 zinabaki 11. Mara nne, ni mikono 44.