Usiwashe Kwanza

Mtu anapokea ampu ya valvu ya mwaka 1966, anaitoa kwenye sanduku, anaichomeka ukutani na kuiwasha aisikie. Hapo ndipo ampu nyingi zinapofia. Ilikuwa imelala stoo miaka mingi, kapasita zimekauka, na hakuna aliyeitazama ndani. Nimechoka kupokea transfoma zilizoungua kwa haraka ya dakika moja. Nimechoka zaidi kuona vijana wakiingiza vidole kwenye volti 400 kwa kuwa plagi imeshachomolewa. Masharti ni haya.

KABLA HUJATOA PESA

Fanya

Uliza ampu ilitengenezewa umeme gani. Fender Twin Reverb au Deluxe Reverb iliyouzwa Marekani ilitengenezewa volti 117 na hezi 60. Soketi ya Dar es Salaam ina volti 230, ya Nairobi 240, na zote ni hezi 50. Kijana mmoja aliletewa Deluxe Reverb na mjomba wake aliyeko Marekani. Akakata plagi, akafunga ya kwetu, akawasha. Fyuzi ikakatika. Akaweka fyuzi kubwa zaidi. Transfoma ikatoa moshi, na ile ya asili haitarudi tena. Plagi haibadilishi volti. Nunua transfoma ya kushusha umeme, na iwe na nguvu ya kutosha: Twin Reverb inatoa wati 85 kwenye spika, lakini ukutani inavuta zaidi ya wati 200. Chukua ya wati 500. Kwa kuwa hezi 50 huipasha moto transfoma iliyotengenezewa hezi 60, usiiache ikiwaka mchana kutwa bila kazi.

Ampu za Uingereza, Vox na Marshall, nyingi zina kichaguzi cha volti mgongoni. Kitazame mwenyewe. Usimwulize muuzaji.

Soma tarehe kwenye vifaa vyenyewe. Nyuma ya voliumu na toni za Fender pamegongwa namba. Ukikuta 1376614, basi 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka 1966, na 14 ni wiki ya kumi na nne ya mwaka huo. Transfoma za Fender za wakati huo huanza na 606, namba ya kiwanda cha Schumacher. Ndani ya kabati kuna karatasi ya chati ya valvu yenye herufi mbili za muhuri: ya kwanza ni mwaka, ukihesabu kuanzia A kwa 1951, na ya pili ni mwezi. PH ni Agosti 1966. Vitu hivi vitatu vikipishana kwa miaka, kuna kilichobadilishwa, na bei lazima ishuke.

Nusa transfoma. Vanishi iliyoungua ina harufu kali isiyoisha, hata baada ya miaka.

Usifanye

Usinunue maneno "inafanya kazi vizuri". Muuzaji aliiwasha dakika mbili, ikalia, akaizima. Dai picha za ndani. Anayekataa kufungua skrubu nne ana anachokificha.

Usikimbie ampu yenye kapasita mpya za kuchuja umeme. Wanunuzi wengi hutaka "kila kitu cha asili", halafu wanalipa zaidi kwa kapasita zilizokufa. Kapasita hizo ni kitu cha kuisha, na mwenye ampu aliyezibadilisha aliitunza mali yake. Ogopa transfoma iliyobadilishwa, spika iliyobadilishwa, na tundu jipya lililotobolewa kwenye bati.

KABLA HUJAWASHA

Usifanye

Usiiwashe Fender ya zamani yenye plagi ya ncha mbili. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha waya wa umeme na bati lote la ampu, pamoja na swichi ya kugeuza upande. Mafundi wa Marekani wanaiita kapasita ya kifo, na wana haki. Ikipiga shoti, bati linakuwa na umeme wa ukutani. Bati limeungana na jeki, jeki na waya wa gitaa, waya wa gitaa na nyuzi zilizo chini ya vidole vyako. Unasogeza midomo kwenye maikrofoni iliyofungwa ethi kwenye mikisa, na umeme unapita kifuani. Wanamuziki wamekufa jukwaani namna hiyo. Ikate kapasita hiyo na kuitoa kabisa, hata kama mita inasema ni nzima.

Usiwashe ampu ya valvu bila spika. Redio ya transista inaweza kuvumilia. Ampu ya valvu haivumilii: ukiipiga bila mzigo, transfoma ya spika inapandisha volti mpaka cheche zinaruka ndani ya nyuzi zake au kwenye soketi za valvu. Na spika iwe ya omu zinazotakiwa. Twin Reverb inataka omu 4, yaani spika zake mbili za omu 8 zikiwa sambamba. Marshall ina swichi ya omu 4, 8 na 16. Ikae kwenye namba ya kabati ulilochomeka.

Usizibe fyuzi kwa waya au karatasi ya sigara. Fyuzi ikikatika, kuna sababu. Itafute.

Fanya

Funga waya mpya wa nyuzi tatu, na soma rangi kabla ya kukaza skrubu. Kwenye waya wa zamani wa Uingereza, nyekundu ndiyo yenye umeme, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Kwenye waya wa Marekani nyeusi ndiyo yenye umeme, nyeupe ni nyutro. Kwenye waya wa leo unaouzwa Kariakoo, kahawia ina umeme, buluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Fundi aliyezoea Marshall akafungua Fender anaweza kuiona nyeusi akadhani ni nyutro. Waya wenye umeme uingie kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi. Waya wa ethi upewe bolti yake peke yake kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Usiupachike chini ya bolti ya transfoma, maana atakuja mtu ailegeze.

Washa mara ya kwanza kupitia glopu. Ifunge glopu ya uzi ya wati 100 kwenye njia moja na waya wenye umeme, kisha uwashe ampu bila valvu yoyote. Glopu ikimulika ghafla na kufifia, endelea: weka valvu, washa tena, pima. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na glopu imeokoa transfoma yako. Ya LED haifai kwa kazi hii. Za uzi zimekuwa adimu madukani. Ukizikuta, nunua mbili.

UKISHAIFUNGUA

Fanya

Toa chaji kabla ya kugusa chochote. Kapasita za kuchuja za Twin Reverb hukaa chini ya kifuniko cha bati kilicho kwenye chasisi, na hubeba volti 450 na zaidi. Vox AC30 ina kama 320. Zote zinaua. Kuchomoa plagi hakuziondoi, na ampu iliyoachwa kwenye stendibai inazishika muda mrefu zaidi. Chukua rezista ya omu 10,000 ya wati 5, uifunge klipu pande zote mbili, na uizibe plastiki ya kukinga. Klipu moja kwenye bati, nyingine kwenye upande chanya wa kapasita ya kwanza. Subiri, kisha pima. Ziwe chini ya volti 10. Nenda kapasita moja baada ya nyingine. Kisha acha klipu mahali pake muda wote unaofanya kazi, kwa sababu kapasita iliyotolewa chaji hupandisha volti kidogo yenyewe. Mita yako iwe ya volti 1000 za DC.

Unapopima ampu ikiwa inawaka, tumia mkono mmoja. Mwingine uwe mfukoni. Vua saa na pete, vaa viatu vya mpira, na awepo mtu mwingine chumbani anayejua swichi kuu ilipo. Kama hujawahi kupima volti 400, mpelekee aliyewahi.

Badilisha kapasita za kuchuja zote pamoja, pamoja na ile ya bayasi. Zina maji ndani na hukauka. Baada ya miaka ishirini hivi haziaminiki tena. Angalia chanya na hasi mara mbili. Iliyogeuzwa hupasuka.

Gonga valvu ndogo kwa kijiti cha mshikaki ampu ikiwa inawaka. Inayolia "tii" kwenye spika imechoka. Ibadilishe hiyo moja. Kijiti kiwe kikavu.

Kama unaishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, kagua ubao mweusi uliobeba rezista za Fender. Ubao huo hunyonya unyevu, na ukilowa hupitisha umeme pasipotakiwa. Dalili ni mikwaruzo isiyoisha hata baada ya kubadilisha valvu. Gusa uso wa ubao kwa ncha ya mita, ncha nyingine ikiwa kwenye bati. Ukiona volti mahali pasipo na waya, umempata adui. Kausha taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele.

Usifanye

Usitoe chaji kwa bisibisi. Cheche inaunguza ncha, inaharibu kapasita, na mkono unaoruka unagonga kitu kingine.

Usibadilishe kila rezista na kapasita ndogo kwa sababu una risasi na pasi mkononi. Sauti unayoilipia imo humo. Nimepokea Vox AC30 ambayo fundi aliing'oa kapasita zote za sauti kwa siku moja, akaweka za bei rahisi, akazitupa za asili. Ilikuwa na kosa moja tu: kapasita moja iliyokuwa ikivujisha umeme kwenda kwenye gridi ya valvu ya nguvu. Kosa hilo hupimwa hivi: toa valvu za nguvu, washa, pima volti za DC kwenye tundu la gridi. Kwenye AC30 hapatakiwi kuwa na kitu. Ukikuta volti chanya, badilisha hiyo moja na uache nyingine.

VALVU

Fanya

Pima bayasi kila unapobadilisha valvu za nguvu kwenye Fender au Marshall. Hesabu ni rahisi. Valvu ya 6L6GC inavumilia wati 30 kwenye anodi. Asilimia 70 ya hizo ni wati 21. Gawa kwa volti za anodi, tuseme 450, unapata kama miliampia 46 kwa kila valvu. Huo ndio mpaka. Kaa chini yake. AC30 haina pa kurekebisha, kwa hiyo itafutie EL84 nne zinazofanana, na usiifunike mgongo. Inawaka moto kuliko ampu nyingi.

Usifanye

Usiendelee kupiga ukiona bamba la valvu limekuwa jekundu. Zima hapo hapo, hata kama wimbo haujaisha. Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ni wa kawaida. Wekundu ukutani mwa bamba ni valvu inayoungua, na transfoma inafuata.

Usinunue seti nzima ya valvu kwa kubahatisha. Valvu ndogo nzuri ya zamani hudumu miaka mingi. Badilisha moja, sikiliza, endelea.

Weka kila kifaa ulichokitoa kwenye mfuko, hata kilichokufa, na mfuko ukae ndani ya kabati. Andika kwenye karatasi tarehe, ulichobadilisha, volti za kila valvu na bayasi uliyoiacha. Ibandike ubavuni, mbali na chati ya kiwandani.