Vidole Vitatu Kutoka Vega: Namna ya Kuitafuta Kepler-442

Katikati ya Agosti, saa 3 usiku, ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au popote karibu na ikweta, tafuta mahali pa giza usimame ukielekea kaskazini. Usiku mzuri ni ule usio na mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wanapotoka na taa zao. Nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi wako utaona nyota nyeupe yenye kibuluu kidogo, inayozishinda zote za upande ule. Hiyo ni Vega. Jina lake limetokana na neno la Kiarabu, waqi, kwa kuwa Waarabu wa kale waliona pale tai anayeshuka.

Nyosha mkono mbele kabisa, bana vidole vitatu vya kati, ukingo wa kushoto uguse Vega. Panapoishia kidole cha tatu, upande wa kulia ambao ndio mashariki, ndipo ilipo Kepler-442, nyota kibete ya rangi ya chungwa. Julai, subiri hadi saa 5. Septemba, anza mara giza likishika.

Hutaiona kwa macho, wala kwa darubini ya mkono. Ni hafifu mara 4,000 hivi kuliko nyota hafifu kabisa tunazoweza kuziona. Hata hivyo usishushe mkono upesi. Nuru yake inayofika usiku huo iliondoka kule karibu miaka 1,200 iliyopita, Msikiti Mkuu wa Kilwa ukiwa bado haujajengwa.

Ukitaka kuona nyota ya jamii hiyo kwa macho yako, ngoja mwisho wa Desemba, saa 3 usiku. Tafuta Rigel, nyota nyeupe kali ya kundi la Jabari, ambalo wengi huliita Orioni. Pima shibiri moja na kidogo kuelekea magharibi, mkono ukiwa umenyooka. Utakuta nyota mbili za wastani zilizokaribiana. Iliyo mbali zaidi na Rigel ni Epsilon Eridani. Hiyo iko miaka ya nuru 10.5 tu kutoka kwetu.

Sasa habari zenyewe, maana hapa ndipo wasomaji wengi hupotoshwa. Sayari ya Kepler-442b ilitangazwa Januari 2015, na tangu hapo imeandikwa mara nyingi kuwa inakalika. Kabla ya kuamini, jiulize: ni nini hasa kilichopimwa? Darubini ya anga ya Kepler, iliyorushwa 2009, iliona nuru ya nyota ile ikipungua kwa sehemu kama 4 katika 10,000, kila baada ya siku 112. Upungufu huo ulitoa kipenyo cha sayari, mara 1.34 ya kile cha Dunia, na zile siku 112 ndizo mwaka wake. Nyota ni ndogo na ya baridi kuliko Jua, hivyo sayari hupata takriban theluthi mbili ya nuru tunayopata sisi. Kwa nuru hiyo maji yanaweza kubaki majimaji, ikiwa yapo na ikiwa kuna hewa ya kuyafunika. Neno “inakalika” halina msingi mwingine zaidi ya huo.

Uzito wa sayari haujapimwa. Hewa yake pia. Kwa hiyo picha yoyote yenye bahari na mawingu ni mchoro wa msanii, hata kama maelezo yaliyo chini yake hayasemi hivyo.

Matumaini yenyewe si ya bure. Nyota za rangi ya chungwa huwaka kwa makumi ya mabilioni ya miaka, ilhali Jua letu limepewa kama bilioni 10. Tena ni tulivu kuliko vibete vyekundu, ambavyo milipuko yake inaweza kuipokonya sayari hewa. Kwa maoni yangu, hizi ndizo nyota za kufuatilia kwanza.

Agosti ijayo toka nje na mtoto, mwonyeshe Vega, mpimishe vidole vitatu. Akiuliza kama kule kuna watu, mwambie kilichopimwa: kipenyo cha sayari, na mwaka wa siku 112.