Selimundu: Jinsi Wazazi Wasiougua Wanavyopata Mtoto Mgonjwa

Swali moja husikika mara kwa mara katika kliniki za selimundu, na mara nyingi huulizwa na baba: "Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huu, mtoto ameutoa wapi?" Ndani ya swali hilo huwamo tuhuma. Pengine ni kwamba ukoo wa mama ulificha ugonjwa. Pengine, kwa sauti ya chini zaidi, ni kwamba mtoto si wa baba huyo. Zipo ndoa zilizovunjika hapo, mama akabaki peke yake na mtoto anayehitaji matibabu maisha yake yote. Jibu la swali hilo limo katika namna jeni zinavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto, na mhudumu wa afya hana budi kuweza kulieleza kwa dakika chache bila kukosea.

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu hubeba kromosomu 46, zilizopangwa katika jozi 23. Katika kila jozi, kromosomu moja ilitoka kwa mama na ya pili kwa baba. Kromosomu ni nyuzi ndefu za vinasaba, na jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Kwa kuwa kromosomu huja mbili mbili, jeni nyingi nazo huja mbili mbili. Yai la mama na mbegu ya baba ndiyo pekee zenye nusu ya idadi hiyo: kila moja hubeba kromosomu 23, moja kutoka kila jozi. Mzazi hachagui ipi itoke na ipi ibaki.

Jeni inayohusika na selimundu imo katika kromosomu ya 11. Kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayosafirisha oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mnyororo huo una asidi amino 146. Badiliko la herufi moja tu ya vinasaba huifanya asidi amino ya sita kuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Himoglobini inayotokana na badiliko hilo huitwa S. Ile ya kawaida huitwa A. Oksijeni inapopungua, himoglobini S hushikamana na kuunda nyuzi ngumu, na chembe nyekundu hupinda mithili ya mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tena hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali hizi huishi siku 10 hadi 20, na hapo ndipo upungufu wa damu na umanjano wa macho hutokea.

Kromosomu ya 11 si kromosomu ya jinsi. Kwa hiyo wavulana na wasichana huupata ugonjwa kwa kiasi kilekile, na baba aweza kuibeba jeni ya S sawasawa na mama. (Hata mama anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu huonewa: mbegu ya baba ndiyo huleta ama kromosomu X ama Y.)

Mwenye jeni mbili za A huandikwa AA. Mwenye jeni mbili za S, yaani SS, ni mgonjwa. Kati yao yuko AS, aliyepokea S kwa mzazi mmoja na A kwa mwingine. Huyu huitwa mbebaji. Himoglobini A aliyo nayo hutosha kuzuia chembe zake zisipinde katika maisha ya kawaida. Hasikii maumivu, hapungukiwi damu kwa sababu hiyo, wala hali yake haigeuki kuwa SS akizeeka. Si sahihi kumwambia kwamba "anaumwa kidogo." Nchini Tanzania wabebaji hukadiriwa kuwa kati ya 13 na 20 katika kila watu 100, na wengi wao hawajui.

Ili kuwaeleza wazazi wawili walio AS, punje za maharage hutosha. Baba ashike mfuko wenye punje moja nyeupe na moja nyekundu, na mama vivyo hivyo. Kila mmoja achomoe punje moja bila kutazama. Nyekundu mbili zikikutana, mtoto ni SS; nyeupe mbili, ni AA; zikichanganyika, ni AS. Baada ya hapo, na hili ndilo muhimu kuliko yote, punje hurudishwa mfukoni kabla ya kuchomoa tena. Uwezekano ni mmoja kati ya nne kwa kila mimba, upya. Wazazi wengi huelezwa "mmoja kati ya wanne" wakaelewa kwamba, kwa kuwa wa kwanza ni mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Mfuko haukumbuki kilichotoka jana.

Hesabu hiyohiyo hulijibu swali la baba. Tuchukue familia 64 ambazo wazazi wote wawili ni AS, kila familia ikiwa na watoto watatu. Kwa wastani, familia 27 kati ya hizo hazitakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja, na moja itakuwa na wagonjwa wote watatu. Zaidi ya hayo, mbebaji akioana na mtu wa AA hakuna mtoto wa SS atakayezaliwa, ingawa kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. Jeni ya S yaweza kupita vizazi kadhaa kimya, hadi wabebaji wawili wakutane. Ukoo kutokuwa na mgonjwa si ushahidi kwamba hauna jeni.

Uwingi wa jeni hii katika maeneo yetu una sababu yake. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Palipo na malaria nyingi, watoto wa AS waliokoka zaidi na kuirithisha jeni. Kinga hiyo si kamili, na chandarua bado chahitajika. Kwa mtoto wa SS malaria ni hatari kubwa.

Vipimo navyo vimewahi kuzua ugomvi usio na msingi. Kipimo cha haraka cha kutazama kama chembe zinapinda hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni elektroforesisi ya himoglobini au kipimo kingine cha aina hiyo. Mgonjwa aliyeongezewa damu karibuni aweza kuonekana AS kwa sababu ya damu ya mchangiaji. Na ikiwa mtoto anaonekana SS huku mzazi mmoja akionekana hana S, kipimo kirudiwe kwanza, kisha ichunguzwe kama mzazi huyo anabeba thalasemia ya beta, ambayo ikikutana na S huweza kutoa majibu yanayofanana na SS. Neno juu ya uhalali wa mtoto lisitamkwe wala kudokezwa kabla ya hapo.

Inafaa majibu wasomewe wazazi wote wawili kwa pamoja, kwa kuwa mama akipewa peke yake ndiye atakayeyapeleka nyumbani kama mashtaka dhidi yake mwenyewe. Ndugu wa mtoto mgonjwa nao wapimwe. Mtoto mchanga aweza kuwa SS bila dalili kwa miezi kadhaa, kwa sababu himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado humlinda. Akigunduliwa mapema huanzishiwa penisilini ya kinga kabla maambukizi hayajamwahi. Dada mkubwa aliye AS hahitaji dawa yoyote. Anachohitaji ni jibu lake liandikwe wazi katika kadi, na aelezwe maana yake atakapokuwa na umri wa kuelewa, kabla ya kuchumbiwa.