Jeni Iongozayo Mizizi ya Mpunga

Pengine mpunga hunyauka juu ya ardhi ambayo bado ina maji. Jua likaushapo tabaka la juu la udongo, unyevu husalia chini yake. Lakini mpunga uliozoea majaruba hutandaza mizizi karibu na uso wa ardhi, wala haufikii unyevu huo. Mfano ni IR64, mbegu iliyotolewa nchini Ufilipino mwaka 1985, ikapendwa na wakulima wengi wa Asia. Kinandang Patong, mpunga wa nchi kavu wa huko huko Ufilipino, huteremsha mizizi yake mbali.

Mwaka 2013 mtaalamu wa Kijapani Yusaku Uga na wenzake walieleza jeni moja ichangiayo sana tofauti hiyo. Waliiita DRO1, nayo imo katika kromosomu ya 9. Mzizi ulalapo, seli za upande wa juu karibu na ncha hurefuka kuliko za upande wa chini, na mzizi hupinda kufuata mvutano wa dunia. DRO1 huhimiza kupinda huko. Katika jeni ya IR64 imepotea herufi moja tu ya DNA. Kwa kuwa herufi hizo husomwa tatu tatu, usomaji wote unaofuata huvurugika, na protini hukatika kabla ya kukamilika.

Katika maabara, mimea ambamo DRO1 ilitiwa nguvu kwa uhandisi jeni ilielekeza mizizi chini zaidi. Kwa shamba, hata hivyo, ilitumika njia ya kale: IR64 ilichavushwa na Kinandang Patong, kisha wazao wakarudishwa kwa IR64 mara kadhaa, wakichaguliwa wenye jeni hiyo. Katika majaribio ya ukame mkali nchini Kolombia, IR64 karibu haikuzaa kitu. Ndugu yake mwenye DRO1 alizaa punje.

Yafaa ieleweke kwamba mbegu hiyo haikujifunza kuishi bila maji, bali iliyafuata yalipo. Palipo na udongo mkavu hata chini, au tabaka gumu lisilopenyeka, jeni hii haina msaada mkubwa.

Darasani, mwalimu ajaze udongo katika chujio la waya lenye umbo la bakuli, apande punje moja katikati, na alining'inize ndani ya chombo chenye udongo zaidi. Baada ya majuma machache wanafunzi walitoe, wahesabu mizizi iliyopenya chini na iliyopenya ubavuni, kisha walinganishe mbegu ya majaruba na ya mlimani.